Asumini ya plastiki, maikrowevu ya maonyesho

Leo nina maneno makali kidogo, atakayenuna anisamehe, lakini nimechoka kuyameza.

Juzi nilikuwa harusini, hapa hapa Unguja. Bi harusi kapambwa kapambika, mashaallah, piko limekolea mpaka viwikoni. Nikainama kumbusu. Sikusikia asumini, sikusikia rehani, nilisikia harufu ya gundi. Koja zima kifuani lilikuwa la plastiki! Kikuba nacho cha plastiki. Nikauliza, nikaambiwa "ya kweli yananyauka, haya hata kesho yanapiga picha."

Tukapelekwa kuangalia vyombo. Friji ya milango miwili, mashine ya kufulia ya kujiendesha yenyewe, maikrowevu, tosta, mashine ya kukamua juisi, jiko la umeme lenye oveni, vyote na stika zake. Vigelegele. Mimi najua wanakokwenda kukaa: chumba na ukumbi, ghorofa ya juu, maji yakija yanakuja usiku, na ya kupandisha kwa ndoo. Ile mashine haitafua hata leso. Inataka bomba lenye nguvu ya maji, na bomba hilo hawana.

Huu ndio ugomvi wangu. Maua ambayo yalitakiwa yawe hai tumeyafanya plastiki, na mashine ambazo zilitakiwa zifanye kazi tumezifanya mapambo. Na anayelipa ni mama. Namjua mmoja ambaye aliuza bangili zake mbili na kuchukua upatu wa watu ili mwanawe asisimangwe na mawifi. Ndoa haikumaliza mwaka. Binti karudi, vyombo vimerudi, friji imesimama ukumbini haina pa kukaa, na mama mpaka leo anatoa hela ya upatu kila mwisho wa mwezi.

Nitaambiwa vyombo ni heshima ya mtoto wa kike, ni mila. Sawa. Mila ya kumsaidia binti naiheshimu. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi nyumba na vyombo vya kupikia na kulia ni juu ya mume, si juu ya bangili za mama mkwe wake. Mzazi anachotoa ni hisani, na hisani haikopewi. Israfu imekatazwa katika Qur'ani, Suratul Aaraf aya ya 31, na katika Suratul Israa wafujaji wameitwa ndugu wa mashetani. Aya hizi tunazisoma kwenye hitima, tukifika dukani tunazisahau. Bibi Fatma, radhi za Allah ziwe juu yake, alipelekwa kwa Sayyidna Ali na kitambaa kizito cha kujifunika, kiriba cha maji na mto wa ngozi uliojazwa majani. Na jiwe lake la kusagia lilikuwa likimuumiza mikono, hadithi imo katika Bukhari. Kwa hiyo sisemi mwanamke asipunguziwe kazi, nasema apunguziwe kweli!

Basi mwanangu unayeandika orodha, kabla ya kuandika jina la kitu uliza maswali ya mtu mzima. Maji yanafika vipi? Umeme nani atanunua? Kikiharibika, fundi wa mtaani atakifungua?

Kama maji ni ya ndoo, chukua mashine ya kufulia ya matangi mawili, ile unayoijaza mwenyewe. Ni rahisi kuliko ya kujiendesha, na inafua. Jiko, chukua la gesi la pleti mbili na mtungi. Tuliokuwapo Disemba 2009 tunakumbuka umeme wa kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, ukarudi Machi 2010. Wenye majiko ya umeme walirudi kwenye mkaa. Tena pleti moja ya umeme ya wati 2000 ikiwaka saa nzima imekula uniti 2, na maharage ya nazi hayana haraka.

Friji ndogo ya mlango mmoja inawatosha watu wawili na mtoto mmoja. Ukinunua ya mtumba, bana kipande cha karatasi mlangoni uvute: ikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha na baridi yote inatoka nje. Soma kibandiko cha nyuma. Za Japani ni za volti 100, hapa kwetu ni 230, ukichomeka umeiua. Weka kile kifaa cha kuizuia isipigwe na umeme wa kupanda na kushuka, usiibane ukutani, na kama nyumba iko karibu na pwani uifute mara kwa mara, hewa ya chumvi inakula bati. Blenda chukua ile ambayo jagi lake na visu vyake unaviona vikiuzwa Darajani. Tui la nazi kila siku si mchezo, blenda ya urembo haifiki Ramadhani ya pili.

Zitakazobaki, panda maua. Usiniambie huna kiwanja. Dumu la lita 20 lililokatwa, likatobolewa chini, linakaa kwenye roshani ya ghorofa yoyote. Rehani inaota kwa mbegu, na ukiikata vichwa kila ikitaka kutoa maua inazidi kutanuka. Mvua kubwa ikituama kwenye dumu inaoza mizizi, ndiyo maana ya matundu. Asumini ni ya kupunguza matawi kabla ya masika, ukaiwekea samadi, halafu uiache. Maji ya kuoshea mchele yanaitosha. Kusi likivuma na baridi inatoa kidogo, joto likirudi inamwaga. Vitumba unachuma alasiri vikiwa bado vimefumba, unavitunga uzi kabla ya Magharibi, vinafunguka usiku vikiwa shingoni mwako. Plastiki gani itakufanyia hayo?

Mtume, rehma na amani zimshukie, amefundisha kwamba anayepewa rihani asiirudishe, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Na kuna kinamama wa mashamba wanaoamka mapema kuleta asumini, rehani na vilua mjini. Kila koja la plastiki tunalonunua ni koja lao limelala. Na ile picha? Mume hakai chumbani na picha.

Wanaoolewa Mfunguo Mosi wamechelewa kupanda, wakanunue kwa hao kinamama. Wa mwaka ujao bado wana nafasi: pinda tawi la asumini mpaka chini, lifukie katikati kwa udongo, weka jiwe juu, mwagia maji. Likishatoa mizizi yake unalikata kwenye mti wa mama na kulihamisha. Mimi nimeshafukia manne uani kwangu. Anayetaka aje na dumu lake, na asije na stika.