Mganga wa Usingizi

Mtu akipelekwa kupasuliwa, jamaa zake huuliza jina la mganga atakayeshika kisu. Yule atakayemlaza usingizi hawamwulizi, ingawa pumzi ya mgonjwa imo mikononi mwake. Juma hili tutazame namna kazi hiyo ilivyoanza kumpatia mtu riziki, mjini London.

Mwezi wa Oktoba 1846, huko Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa eteri mbele ya waganga, naye akapasuliwa shingoni pasipo kulia. Kabla ya mwaka kwisha habari ilifika Uingereza, na kila mtu akataka kushika chupa. John Snow alikuwa mganga wa miaka 33, mwana wa kibarua wa mji wa York. Elimu alikuwa nayo tele, wagonjwa wachache. Rafiki yake asimulia kwamba siku moja Snow alimkuta mwuza dawa akienda mbio na chombo cha eteri. Mtu yule hakutaka kucheleweshwa, kwa maana aliitwa huku na huku awape watu eteri. Snow akastaajabu: asiyejua jinsi mwili unavyofanya kazi apata kazi, na mwenye elimu je?

Sisi twaona wivu huo ulikuwa wa haki, kwani ulimpeleka kwenye kupima. Alionyesha ya kuwa hewa ya joto huchukua mvuke mwingi wa eteri kuliko hewa ya baridi. Basi dawa ile ile yaweza kuwa hafifu asubuhi na kali mchana. Akatengeneza chombo cha kuwekwa ndani ya maji yenye joto lililopimwa. Mwaka 1847 akatoa kitabu, na wapasuaji wakubwa, Robert Liston mmoja wao, wakamwita.

Mwaka ule ule ikaja kloroformu, dawa yenye harufu tamu, matone machache juu ya kitambaa. Januari 1848, karibu na Newcastle, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alivutishwa ili aondolewe ukucha wa mguu. Akafa katika dakika chache. Kwa ajili ya ukucha! Snow alishika neno moja: mvuke mkali mno ndio unaoua, na kitambaa hakipimi.

Tarehe 7 Aprili 1853 aliitwa kwa Malkia Victoria, aliyekuwa akijifungua. Hapo alitumia leso, kidogo kidogo, dakika 53, kwa kuwa uzazi hautaki usingizi mzito. Malkia hakupoteza fahamu. Uchungu tu ulipungua. Mwaka 1857 alimwita tena.

Snow alitoa kloroformu zaidi ya mara 4,000, akiandika habari za wagonjwa wake: upasuaji gani, dawa gani, kama walitapika. Alifariki Juni 1858, mwenye miaka 45, kitabu chake juu ya kloroformu kikiwa karibu kwisha. Daftari zake tatu zimehifadhiwa London.