Akili ni Nywele, Lakini Kinyozi Hajinyoi

Hivi majuzi, katika mhadhara niliokuwa nikiutoa mjini Voi, mwanafunzi mmoja wa kike alininyamazisha kwa swali la maneno manne. Nilikuwa nikieleza makala ya mwanaanthropolojia Mmarekani, Bi. Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha mwaka 1957 akachapisha uchunguzi wake juu ya saka. Nilipomaliza, binti yule aliinua mkono akauliza: "Je, wenyewe walijibu nini?"

Msomaji ambaye si wa milima ya Dawida huenda asiijue saka. Ni hali iliyokuwa ikiwapata hasa wanawake walioolewa: mwili hutetemeka, fahamu humtoka mtu, naye hutamani kitu fulani ambacho hana budi kupewa. Nyanya yangu alikuwa akisimulia kuhusu jirani yake aliyeshikwa kila aliposikia mluzi wa garimoshi ukipanda kutoka bondeni. Hakutulia mpaka achezewe ngoma na kupewa alichokitaka.

Bi. Harris hakuridhika kusema kwamba ni pepo tu, wala hakuridhika kusema kwamba ni ujinga. Katika anwani ya makala yake aliitumia istilahi ya histeria, lakini akaitia alama za kunukuu. Alionyesha kwamba ardhi, mifugo na fedha za mishahara vilikuwa mikononi mwa wanaume, na kwamba saka ilimpatia mke vile ambavyo hangeweza kuvidai waziwazi. Mwaka 1971, I. M. Lewis aliitumia saka kama mfano mmojawapo katika nadharia pana zaidi: kwamba kupagawa aghalabu ni njia ya mnyonge kudai haki yake kwa kuzunguka.

Maelezo hayo yana uzito, nami nayathamini. Hata hivyo, swali la yule binti lilinionyesha upungufu ambao nimeufundisha kwa miaka mingi bila kuuona.

Katika falsafa ya sayansi ya jamii, mjadala kuhusu urazini umekuwa na kambi mbili kuu. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba mtafiti ana kipimo kimoja cha ukweli, nacho ni kile cha sayansi yake. Mwaka 1937, E. E. Evans-Pritchard aliandika kwamba Wazande walifikiri kwa mantiki nzuri juu ya uchawi, ila uchawi wenyewe haupo. Kambi ya pili iliongozwa na Peter Winch, ambaye mwaka 1964 alijibu kwamba kipimo cha lililopo na lisilokuwepo kimo ndani ya lugha na maisha ya watu wenyewe, na hivyo si haki kuwapima Wazande kwa mizani ya maabara. Waswahili walikwisha kulifupisha wazo hilo: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kama mwanaisimu, moyo wangu humwelekea Winch. Lakini tukikomea hapo tutamwambia yule mke wa Kitaita, "Huo ndio utamaduni wenu," kisha tuondoke zetu, na shamba libaki kwa mumewe. Heshima ya namna hiyo humpendelea aliyeshiba.

Hapa ndipo nadharia hakiki inapotufaa. Mwaka uleule wa 1937, Max Horkheimer, mmoja wa wanafalsafa wa Frankfurt waliowakimbia Wanazi, aliandika kwamba nadharia ya kimapokeo huitazama jamii kana kwamba mtazamaji yu nje yake, ilhali nadharia hakiki huuliza ni nani anayenufaika na mpangilio uliopo. Mwaka 1968, Jürgen Habermas aliongeza sharti ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo: maelezo yanayodai kumfungua mtu macho hayajathibitika mpaka mtu huyo ayatafakari mwenyewe na kujitambua ndani yake. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, nasi huhitaji jicho la mwingine ili tujione kisogo. Lakini anayenyolewa ndiye ajuaye kama wembe unakata ngozi.

Basi turudi kwenye swali. Makala ya saka iliandikwa kwa Kiingereza katika jarida la ng'ambo. Wazee wetu wa kike walielezwa, wakaainishwa, wakawa mfano katika vitabu, lakini nyanya yangu na jirani yake hawakusomewa hata ukurasa mmoja. Huenda wangekubali. Huenda wangecheka. Huenda wangesema, "Mama, umeona la shamba, lakini la uchungu hukuliona." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2023, katika shule moja ya wasichana kaunti ya Kakamega, wanafunzi wengi walipatwa na maumivu na udhaifu wa miguu hata wakashindwa kutembea sawasawa, na baadhi ya watu wakasema ni histeria. Huenda walisema kweli. Lakini neno hilo likitamkwa mapema mno hufunga mazungumzo: binti akishaitwa hivyo, kila asemalo huwa dalili, haliwi hoja tena.

Nawasihi walimu wenzangu na wanafunzi: tunapofanya utafiti Wundanyi, Mwatate au Taveta, tuyarudishe matokeo kwa wenyewe, kwa Kidawida, Kisaghala, Kitaveta au Kiswahili, na tuandike pia pale wanapotukataa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila zinazohusu ardhi. Mke anayeijua haki hiyo kwa lugha yake ataweza kuidai akiwa na fahamu zake timamu.

Wataita wa kale hawakuhitaji kufundishwa haya na Frankfurt. Katika ibada ya kutasa, aliyoieleza Bi. Harris mwenyewe katika kitabu chake cha 1978, mwenye kinyongo alijaza kinywa pombe ya miwa, akaipuliza huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni, kwa kuwa hasira iliyofichwa iliaminika kuwadhuru jamaa. Wao walijua kwamba jamii haiponi mpaka mwenye neno alitoe kwa kinywa chake. Sayansi ya jamii nayo haina budi kumpa nafasi hiyo.