Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huu husikika sana majukwaani wageni wanapokaribishwa, lakini ni mara chache hupimwa baada ya wageni hao kuondoka. Leo tunapenda kuupima kwa jambo moja ambalo huenda baadhi ya watu wakalidhania kuwa dogo, nalo ni mahali wanapoketishwa wafanyabiashara wanapokuja kukutana katika jiji la Tanga na wilaya zake.

Si siri kwamba wageni wa namna hiyo wamekuwa wakija kwa wingi. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Mwaka 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, na tangu hapo wahandisi, mawakala wa meli, wenye mabenki na wauzaji wa vifaa wamezoea kufika huku. Ndugu zetu wa Pemba nao, ambao Tanga ni bandari yao ya jirani upande wa bara, huvuka bahari kuja kufanya biashara kama walivyovuka wazee wao.

Wageni hao wote huketishwa wapi? Aghalabu huketishwa katika ukumbi wa hoteli, madirisha yamefungwa, pazia zimeshushwa, makabrasha na chupa za maji zimepangwa mezani. Mkutano ukiisha, gari huwangoja mlangoni. Mgeni akirudi kwao na kuulizwa ameona nini Tanga, hana la kusimulia ila ubaridi wa ukumbi.

Hatuna ugomvi na wenye hoteli. Wameajiri watu wetu na wanalipa kodi. Tunachopinga ni desturi iliyoota mizizi ya kuchagua ukumbi kwa mazoea, bila ya mwandaaji kujiuliza mkutano wake unahusu nini. Mahali pa mkutano huamua mambo mawili makubwa: nani ataketi kikaoni, na nani atalipwa. Kwa maoni yetu, mambo hayo ni mazito mno kuachiwa mazoea.

Tanga haina uhaba wa mahali penye historia. Mjini lipo boma la zamani la Wajerumani, ambamo imewekwa makumbusho ya Urithi. Ipo maktaba iliyojengwa katika miaka ya 1950, ambayo wasomaji wa vizazi kadhaa wameitumia. Ujenzi wa reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ulianzia hapa hapa mwaka 1893. Mwaka huo huo Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache ilikua kazi iliyoifanya nchi yetu kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kupita nchi zote duniani katika miaka ya 1960. Kule Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani yake ya miti ingalipo.

Ni dhahiri, basi, kwamba watu wanaokutana kuzungumzia uchukuzi wana sababu ya kukaa karibu na reli na bandari, na wanaozungumzia kilimo wana sababu ya kupanda Amani. Mwekezaji anayejadili mkonge akiwa amesimama kati ya mistari ya mkonge atauliza maswali ambayo hangeyauliza akiwa mbele ya picha ukutani.

Hata hivyo, tunawatahadharisha waandaaji wasije wakadhani kwamba kila penye sifa panafaa kuwekewa viti. Kuna mahali pa kuketi, kuna mahali pa kutembelea, na kuna mahali pa kuheshimiwa.

Nyumba zenye vyumba, hewa na milango ya kutosha, kama maboma na maktaba, ni za kuketi. Mapango ya Amboni, yaliyo karibu kilomita 8 kutoka mjini, ni ya kutembelea. Njia zake ni nyembamba na zenye giza, popo wamo, na anayeingia humo hana budi kumfuata mwongozaji anayezijua. Kumpeleka mgeni huko jioni baada ya kikao ni jambo jema, lakini kupeleka meza na vipaza sauti ni utovu wa busara. Na ikumbukwe kwamba wapo wenyeji wanaokwenda katika mapango hayo kwa ajili ya matambiko. Mgeni apite kwa adabu.

Magofu ya Tongoni, kusini mwa jiji, ni ya kuheshimiwa. Pale ni msikiti na makaburi ya watu waliokuwa wakifanya biashara ya bahari karne nyingi zilizopita, kabla Wareno hawajaonekana katika mwambao huu mwaka 1498. Mfanyabiashara wa leo ana mengi ya kujifunza akisimama pale kimya kwa robo saa. Lakini makaburi si bustani ya karamu. Hali kadhalika Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Anayetaka kumheshimu mshairi huyo na afike kwa ruhusa ya wenyeji, akiwa amevaa nguo za staha, na bila ya ngoma.

Tukiwageukia wasomaji wetu wa visiwani, tunakiri kwamba wenzetu wametutangulia katika jambo hili, kwa mema yake na kwa machungu yake. Ngome Kongwe ya Unguja haikuachwa iwe ghala la popo. Tangu mwaka 2004 imekuwa ikipokea tamasha la Sauti za Busara, na maelfu ya watu wameketi ndani ya kuta zake. Lakini Unguja hiyo hiyo ilitupa onyo siku ya tarehe 25 Desemba 2020, ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Liliporomoka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Funzo tunalolipata ni kwamba sifa ya nyumba haishiki dari. Nyumba ya urithi hushikwa na matengenezo ya kila mwaka, na matengenezo yanataka fedha.

Hapa ndipo ulipo moyo wa hoja yetu. Wapo watakaosema kwamba nyumba za kale hazina umeme wa uhakika, vyoo vyake ni vichache na mahali pa kuegesha magari ni padogo. Ni kweli. Lakini tunauliza: vyoo hivyo vitajengwa kwa fedha gani, iwapo kila shilingi ya mikutano inapita mbele ya mlango wa boma bila ya kubisha hodi? Idara za serikali na mashirika ya umma hulipia kumbi mwaka mzima. Sehemu ya fedha hizo ikielekezwa kwenye nyumba za urithi, na ikatumika kwa kazi ya nyumba hizo tu, umma utakuwa umelipia mkutano na paa kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa Maramba. Mji huu mdogo wa wilaya ya Mkinga, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, unajulikana kwa vijana wengi wa nchi yetu kwa sababu ya kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wafanyabiashara hawaujui hivyo. Milima hiyo hutoa iliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu, na ng'ambo ya mkondo wa bahari iko Pemba, kisiwa kilichojengwa na karafuu. Mkulima wa milimani na mkulima wa Pemba wana shida zinazofanana: kukausha mazao wakati wa mvua, kuyapanga kwa ubora, na kumpata mnunuzi asiyemzidi ujanja. Mkutano wa viungo ukifanywa ndani ya hoteli mjini, mkulima wa milimani huzungumziwa asiwepo, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ni siku zake kadhaa za kazi. Mkutano ukipelekwa Maramba kwa siku moja tu, mkulima huyo atafika kwa miguu akiwa na gunia lake, na mnunuzi atatia mkono ndani ya gunia kabla ya kutaja bei.

Tunajua kwamba Maramba haina kumbi za fahari. Lakini wakulima hawahitaji fahari ili waseme kweli. Kivuli, viti, maji safi na chakula kilichopikwa na akina mama wa pale pale vinatosha, mradi tarehe isipangwe katikati ya masika, barabara inapokuwa tope. Wageni wa Pemba wakiketi pamoja na Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, hapatahitajika mkalimani wala hotuba ndefu ya utambulisho.

Kuna aibu moja ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mara nyingi utamaduni unapoingizwa katika mikutano ya biashara, huingizwa kama pambo. Wachezaji wa ngoma huitwa alfajiri, husimamishwa juani wakimngoja mgeni rasmi anayechelewa, hucheza kwa dakika tano, kisha hugawiwa soda na kuambiwa asante. Mji huu ulizaa taarabu ya Black Star na Lucky Star, na dansi ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Mji wenye historia hiyo hauna haki ya kumlipa msanii kwa soda. Msanii ni mfanyakazi kama alivyo fundi wa vipaza sauti, naye apewe mkataba, muda wake na ujira wake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mkoa, jiji na wilaya watekeleze mambo matatu. Kwanza, halmashauri ziandike orodha ya mahali panapofaa kwa mikutano, na kila nyumba ikaguliwe na mhandisi atakayetaja kwa maandishi idadi ya watu inayoweza kubebwa na sakafu na ngazi zake. Idadi hiyo isivunjwe kwa hisani ya mtu yeyote. Pili, ada ya matumizi ilipwe kwa stakabadhi, iingie katika mfuko wa matengenezo wa nyumba hiyo, na hesabu zake zibandikwe ukutani zisomwe na kila mtu. Tatu, kila mwandaaji anayetumia fedha za umma atakiwe kueleza kwa nini amechagua mahali alipopachagua, na ni nani katika wenyeji atakayefaidika.

Masharti haya si magumu. Yanahitaji karatasi, mhandisi mmoja na uaminifu. Yakizingatiwa, mgeni atarudi kwao akiijua Tanga, boma litapata bati na chokaa, na mkulima wa Maramba atakuwa ameitaja bei yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo ndipo mwenyeji atakuwa amepona.