Msamaha wa peaje ufuate mtu, usifuate gari

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama mnaotungoja nyumbani, tuko na neno juu ya barabara.

Kila mara tunasikia watu wakiomba askari waliolemala kwa vita wasilipe peaje. Sisi wa sendika tunaunga mkono. Lakini peaje inalipwa na nani? Na mwenye gari. Askari aliyekatwa mguu gari hana. Anapanda pikipiki ama taksi-basi, na yale makuta ya barieri iko tayari ndani ya bei ya kiti. Ukimsamehe gari, umemsamehe kitu hana.

Tuangalie Kinshasa. Tangu wakati wa Mobutu, vilema walikuwa wanalipa kidogo kwenye mashua ya kwenda Brazzaville. Punguzo lile lilifuata mtu mwenyewe, njo wengi wakapata kazi ya kuvusha mizigo. Hapa kwetu, kwenye Petite Barrière, tunawajua wale wa trisikli wanaovuka Gisenyi. Hawaombi sadaka, wanatumika.

Kuna wanaosema wafanyabiashara wakubwa watajificha nyuma ya kilema. Kweli, hiyo iko. Lakini juu ya mwizi mmoja hatufungi soko. Waandike kipimo: mtu mmoja, trisikli moja, karte yenye picha. Mzigo ukipita kipimo, ulipiwe.

Na watu wetu je? Shimo likianguka, mchimbaji anavunjika mgongo sawa na askari aliyepigwa bomu. Yeye hana pensheni, hana hata ile heshima ya sare. Katiba yetu, artikle 49, haitenganishi: mtu mwenye ulemavu ako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Halafu kuna sheria n° 22/003 ya 3 Mei 2022 juu ya haki za walemavu. Basi karte iwe moja, kwa askari na kwa mchimbaji.

FONER, iliyowekwa na sheria ya 2008, inakusanya makuta ya peaje juu ya kutengeneza barabara. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kwenye kila barieri kuwe kibao cha Kiswahili: mwenye karte halipi, na trisikli yake hailipi. Pili, dereva anayembeba apunguziwe, naye ampunguzie bei ya kiti.

Mwenye kuwa na mlemavu nyumbani, askari ama mchimbaji, alete jina lake kwa mjumbe wa sendika kwenye shimo lenu. Tutapeleka liste moja.