Antena Chini ya Bati!

Wiki hii nina kesi na jirani yangu wa chumba cha pili. Antena yake kaiweka juu ya kabati, chini ya bati, halafu anakitukana king'amuzi. Mshikaji, bati linazuia mawimbi! Zile chenga za zamani Dar es Salaam ziliisha tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa. Siku hizi picha inakuja safi, au inakatika vipande vipande na kuganda. Dawa yake ni kuitoa antena nje, juu ya mlingoti, mbali na nyaya za umeme, na kuielekeza kwenye mnara. Fundi keshamtajia bei ya king'amuzi kipya, na kodi ya chumba inatakiwa keshokutwa! Nimemwambia asubiri, jioni napanda mwenyewe.