Wamlee au Wamwasili?

Mwaka jana, nikiwa katikati ya kuandika pendekezo la tasnifu yangu, nilipata kibarua kidogo cha kutafsiri ambacho kimenifanya niitazame lugha yetu kwa jicho jingine. Mume na mke wageni, waliokuwa wameishi kaskazini mwa Tanzania kwa zaidi ya miaka mitano, walikuwa wamepewa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo amri ya kumwasili mtoto wa kiume wa miaka minne. Kilichobaki ni viza ya mtoto tu. Ubalozi wa nchi yao ulitaka kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili ifasiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa sahihi yake kwamba hakuongeza wala hakupunguza neno. Majina na miji sitataja, kwani kisa hiki si changu.

Karatasi zilikuwa sita. Nne nilizimaliza kwa jioni moja. Ya tano ilikuwa maelezo ya nyanyake mtoto, mzaa mama, aliyoyatoa mbele ya afisa wa ustawi wa jamii. Humo mama huyo alisema kwamba bintiye amefariki, kwamba yeye ni mgonjwa na hana nguvu, na kwamba amekubali wageni hao wamchukue mjukuu wake "wamlee". Akaongeza kuwa akishakuwa mtu mzima atarudi kuijua nyumba ya babu yake. Katika ukurasa mzima neno kuasili halikuwemo hata mara moja. Lilikuwa katika kichwa cha fomu, juu kabisa, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mtu asiyesoma miwani haimsaidii kitu.

Yamkini msomaji ataniuliza shida iko wapi. Shida ni kwamba amri ya mahakama ilisema jambo moja na nyanya alisema jingine, na kalamu yangu ilikuwa katikati. Kama ningaliandika kwa Kiingereza kwamba amekubali mtoto aasiliwe, faili ingalipita. Niliandika kwamba amekubali alelewe. Baada ya wiki tatu ubalozi uliandika kutaka ufafanuzi, na viza ikasimama.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, walisema wahenga. Katika jamii zetu kulea ni tendo pana. Mtoto hupelekwa kwa shangazi mjini akasome, hukabidhiwa nyanya mama anapoolewa kwingine, huchukuliwa na jirani mwenye uwezo. Anayelea hupata heshima ya mzazi, lakini ukoo haubadiliki na mlango wa kurudi haufungwi. Kwa Waislamu wa pwani jambo hili lina mizizi ya kidini pia: yatima hulelewa kwa mapenzi yote, naye huendelea kuitwa kwa jina la babake mzazi. Utaratibu huo, kafala, unatajwa kwa jina lake katika Kifungu cha 20 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kando ya kuasili, kama njia mbili zilizo tofauti.

Kuasili ni kitu kingine. Kitenzi chenyewe kimeundwa kutokana na nomino asili, nasi tulioambiwa tangu shule ya msingi kwamba mwacha asili ni mtumwa tungetarajia kitenzi hicho kimaanishe kumrudisha mtu kwenye chimbuko lake. Kisheria kinamaanisha kumpa chimbuko jipya na kulikata la kwanza: haki na wajibu wa wazazi na walezi wa awali hukoma, na mtoto huhesabiwa kana kwamba amezaliwa na waliomwasili. Sina ugomvi na waliokiunda, maana kilihitajika. Wapo wanaopendelea kusema mtoto wa kupanga, lakini sote twajua kwamba mpangaji hana nyumba. Ninachosema ni kuwa neno likiwa jipya kiasi hiki, na maana yake ikiwa nzito kiasi hiki, kulitamka mbele ya bibi kizee si sawa na kumweleza.

Tofauti hii imekwisha kuzitesa nchi jirani. Nchini Uganda sheria ya zamani ilimtaka mgeni aishi nchini miaka mitatu kabla ya kuasili, kwa hiyo wengi walipitia mlango wa uani: waliomba ulezi wa kisheria, wakaondoka na mtoto, wakamwasili walipofika kwao. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliufunga mlango huo. Hata hivyo, mnamo Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo Waganda wanne, wakiwemo majaji wawili, kwa madai kwamba walihusika katika mpango wa kuwatoa watoto kwa wazazi walioahidiwa masomo Kampala. Wazazi wa namna hiyo walidhani wanakubali mtoto alelewe na kusomeshwa.

Nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa kinyume. Septemba 2013 idara ya uhamiaji ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni, kukiwa na tuhuma za nyaraka za kughushi na za watoto kutelekezwa ughaibuni. Waliokuwa na amri za mahakama tayari, baadhi yao wakiwa na viza mkononi, walikwama. Watoto wengi hawakuruhusiwa kuondoka hadi mwishoni mwa 2015 na mwaka 2016. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili aliondoka akiwa na minne au mitano, na muda wote huo alikuwa mwana wa watu aliowajua kwa picha. Kenya nayo ilisimamisha Novemba 2014 kuasiliwa kwa watoto wake na wageni.

Ninayaleta haya kwa sababu mara nyingi tunalaumu balozi peke yake. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007, unaweka mambo mawili kabla ya kuasili, si baada yake. Kifungu cha 4 kinataka wanaotoa idhini wawe wameelezwa athari zake, hasa kama uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na familia yake utakatika. Kifungu cha 5 kinaitaka nchi inayompokea mtoto iwe imethibitisha mapema kwamba ataruhusiwa kuingia na kuishi humo daima. Maoni yangu ni kwamba maswali haya mawili ni swali moja. Idhini isiyoelezwa mwanzoni hurudi mwishoni ikiwa imevaa joho la viza, na anayeilipia ni mtoto.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba nilijitwika mzigo usio wangu: mtafsiri si wakili, na mtoto alikuwa amekwisha kuzoea. Sehemu ya pili ya kauli yake ilinichoma. Nilikutana na mtoto huyo mara moja, Nairobi. Alikuwa akimwita yule mwanamke mama bila kusitasita, na kila ndege ilipopita alinyoosha kidole na kuuliza kama ni yao. Miezi minne ya kusubiri kwa mtu wa miaka minne si muda mfupi. Ningeweza kuifuta kwa neno moja. Bado nasema nisingeliandika.

Lakini ningependa wanafunzi wenzangu tujiulize tunafanya nini na istilahi. Tunaziunda, tunazihariri, tunaziwasilisha kwenye makongamano, kisha tunawaachia makarani wazipeleke vijijini. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania kwa mujibu wa sheria. Ushindi huo utakuwa mtupu iwapo fomu itakuwa ya Kiswahili na maana ikabaki ya kigeni. Fomu ya idhini ingepaswa kuwa na sentensi nyepesi na ngumu kama hizi: mbele ya sheria hatakuwa tena mjukuu wako, ukimdai hutapewa, wakitaka kumleta kukuona ni hiari yao. Hakuna istilahi hata moja humo, na hakuna nyanya atakayeshindwa kuzielewa, iwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao.

Afisa mwingine alitumwa kwa yule mama mwezi wa pili wa kusubiri. Alielezwa, akaomba siku mbili za kufikiri, kisha akakubali na kuomba jina la babu yake mtoto libaki miongoni mwa majina yake. Wageni waliridhia. Maelezo hayo mapya nililetewa mimi kuyatafsiri. Yalikuwa marefu kuliko ya kwanza kwa nusu ukurasa, na safari hii neno lenyewe lilikuwemo, likifuatwa na maelezo yake kwa maneno ya mama mwenyewe. Niliyamaliza siku hiyo hiyo. Viza, hadi ninapoandika makala haya, haijatoka.