Pasipoti Haifundishi Kiingereza

Kijana wa Sumbawanga mwenye shahada ya ualimu wa Kiingereza, anayekaa kwao Jangwani au Chanji akisubiri ajira, siku hizi hakosi mshauri. Mmoja atamwambia aende Korea Kusini, mwingine Uchina, mwingine Uthai, akafundishe Kiingereza alipwe vinono. Watamwelekeza kwenye cheti cha kufundishia Kiingereza cha saa 120 kinachouzwa mtandaoni, na kumhakikishia kwamba akinyoosha matamshi tu, mambo yatajipa. Kijana anawasikiliza, na haki anayo. Mwanzoni mwa 2025, walimu zaidi ya laki mbili waligombea nafasi za serikali zisizofika elfu 15. Kwa hesabu kama hiyo, nani atamcheka mtu anayeiota Seoul?

Ninaowalaumu mimi ni washauri. Ahadi wanayouza imejengwa juu ya imani ambayo karibu sote tunayo, kuanzia wazazi hadi wakuu wa shule: kwamba mwalimu bora wa lugha ni yule aliyezaliwa nayo, na sisi wengine tutamkaribia kwa kadiri tunavyomwiga. Sehemu ya kwanza si kweli. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu huko wanakotumwa vijana hakuna anayepima kuiga kwao.

Tuanze na Korea. Viza ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa upande wa Kiingereza imewekewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Raia wa nchi hizo mwenye shahada ya fani yoyote, hata ya jiolojia, anaruhusiwa kuomba. Mtanzania mwenye shahada ya Kiingereza chenyewe, aliyesoma kwa lugha hiyo tangu kidato cha kwanza, hamo. Wahindi walifunguliwa kidirisha baada ya mkataba wa biashara kati ya India na Korea ulioanza kutumika 2010. Sarufi yao haikuwa imeboreka ghafla mwaka huo. Waliokaa mezani walikuwa watu wa biashara na ushuru.

Uchina nako, kanuni za vibali vya kazi kwa kawaida zinamtaka mwalimu wa kigeni afundishe lugha ya kwao. Kampuni ya VIPKid, iliyokuwa ikifundisha watoto wa Kichina kwa intaneti, ilichukua walimu wa Marekani na Kanada tu, na Julai 2021 serikali ya Uchina ikapiga marufuku kabisa kuajiri walimu walio nje ya nchi kwa kazi hiyo. Uthai mlango ni mpana kidogo. Lakini waulize Wafilipino, waliojaa katika shule za huko: ni jambo linalojulikana kwamba mara nyingi hulipwa pungufu ya Mzungu wa darasa la jirani, hata wawe na leseni ya ualimu ambayo Mzungu huyo hana.

Na hiyo "nje" yenyewe inachaguliwa kwa namna ya kuchekesha. Kutoka Sumbawanga, ukipita Matai hadi Kasesya, umefika mpakani. Ng'ambo ni Zambia, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Mji wa Mbala, ambao wakoloni waliuita Abercorn, hauko mbali, na Wamambwe na Walungu wana ndugu pande zote mbili. Sijawahi kumsikia mshauri akimtuma kijana Mbala. Zambia ina walimu wake wanaosota, najua. Ila kama kinachouzwa kweli ni Kiingereza, mbona hata kuitaja hawaitaji?

Lakini tusiwasingizie Wakorea. Imani hii ilipewa baraka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojitawala, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza. Mawazo yaliyotawala pale yakaja kuwa kama amri: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza kitupu, kianze mapema, kikizidi ndivyo bora, lugha nyingine zikitumika sana kiwango kitashuka, na mwalimu anayefaa kuliko wote ni mzawa wa lugha. Mwaka 1992 Robert Phillipson, msomi ambaye naye ni Mwingereza, alizichambua amri hizo moja baada ya nyingine na kuziita upotofu. Akaeleza pia nani aliyekula matunda yake: waliopata kazi za ualimu na utaalamu, na waliouza vitabu.

Sisi tuliendelea kuzitii. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, serikali ikakataa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliripoti kwamba wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hawaielewi lugha wanayofundishiwa. Dawa iliyofuata ilikuwa mradi wa Waingereza wa kukiongezea nguvu Kiingereza.

Ajabu ni kwamba historia ya Ufipa, eneo lenyewe la Sumbawanga, inaikana imani hii ya mzawa waziwazi. Mapadre Weupe walioingia kutoka misheni ya Karema walikuwa Wafaransa, Waholanzi, Wajerumani. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaamuru wajifunze lugha za wenyeji. Waliwafundisha Wafipa kusoma na kuandika kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mwalimu wala ya mwanafunzi, na watu wakasoma. Mapadre wa kwanza wazalendo walifundishwa Kilatini na walimu ambao hakuna hata mmoja aliyekinyonya kwa mama yake. Hakuna askofu aliyeandika kuomba mzawa wa Kilatini.

Aliyejifunza lugha ukubwani anakumbuka alipojikwaa. Mtoto wa Laela, huko huko Ufipa, akisema baba yake "she is coming", mgeni kutoka London atasahihisha na kuendelea, pengine akishangaa moyoni mtoto gani huyu asiyejua baba yake ni mwanamume. Mwalimu aliyekulia Laela anajua papo hapo kosa limetoka wapi: si Kifipa wala Kiswahili kinachomtenga mwanamume na mwanamke katika "yeye". Atalitafutia zoezi. Huo ndio ualimu, na hakuna ofisi ya uhamiaji inayoweza kuugonga muhuri.

Badala yake nimeona katika shule za inglishi midiamu mgeni wa kujitolea, aliyekuja kwa miezi mitatu na asiye na siku hata moja ya mafunzo ya ualimu, akikabidhiwa darasa la mtihani huku mwalimu mwenye shahada akitumwa kusimamia foleni ya uji. Mzazi anafurahi, ada inapanda. Shule hiyo imeajiri kwa kanuni ile ile ya E-2, na hakuna Mkorea aliyeilazimisha.

Wala kwenye Kiswahili hatuna usafi. Afrika Kusini ilipotangaza mwaka 2018 kwamba itaruhusu Kiswahili kufundishwa shuleni, na tukatiana nayo saini mwaka 2022, kelele zetu nyingi zilikuwa kwamba Wakenya wasitutangulie kwa sababu Kiswahili "chao" si fasaha. Tulikuwa tunagombea kiti cha mzawa. Kwa kipimo hicho Mfipa aliyekulia kijijini Nkasi, aliyekikuta Kiswahili darasani na gulioni, angeachwa na Mzanzibari. Mimi ningempeleka huyo Mfipa Uganda, ambako mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe cha lazima shuleni na walimu hawatoshi. Amepita njia ile ile wanayopita watoto wa Gulu.

Kazi hizo nazo ni chache na zinakwenda polepole. Sitaki nami niwe mshauri wa aina ile. Lakini wewe uliyekwisha kutenga fedha za cheti cha saa 120, kabla hujalipa mwombe muuzaji akuonyeshe mtu mmoja mwenye pasipoti ya Tanzania aliyepewa E-2 kwa cheti hicho. Akianza kukuhubiria kujiamini na matamshi, rudisha fedha mfukoni.